Elfu sita zilizorudi kimya kimya

Swali: Mchungaji, mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta (sangara) ya kukaanga, hapa Obunga, Kisumu. Kanisani naongoza ushirika wa Jumatano. Pia ni mweka hazina wa chama chetu cha akina mama 24. Kila Alhamisi kila mmoja anatoa shilingi 200, na simu yenye pesa naiweka mimi. Mwezi wa Januari kijana wangu alirudishwa langoni mwa shule kwa sababu ya karo, nikatoa shilingi 6,000 kwenye simu ya chama. Sikukopa kwa utaratibu kwa sababu nilikuwa bado na mkopo, na katiba yetu hairuhusu mkopo juu ya mkopo. Siku ya kumi na saba, Alhamisi asubuhi, nilikuwa nimezirudisha zote. Alhamisi mbili katikati nilisoma salio kama kawaida. Hakuna anayejua mpaka leo. Nimetubu mbele za Mungu, nimefunga na kuomba. Sasa mwenyekiti wetu anahamia Busia na akina mama wamesema kwa sauti moja kwamba kiti ni changu, eti sijawahi kupoteza shilingi ya mtu. Uchaguzi ni Alhamisi ijayo. Rafiki yangu wa maombi ananiambia yaliyosamehewa yasifukuliwe. Je, naweza kukubali kiti nikanyamaza? Mume wangu naye hajui.

Jibu: Dada yangu, Bwana asifiwe.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya tatu nilichukua kalamu nikahesabu. Habari za zile elfu sita umezieleza vizuri: zilikokwenda, kwa nini hukukopa, siku na hata saa zilipoingia tena. Habari ya kusoma salio umeipitisha kwa sentensi moja, upesi, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. “Alhamisi mbili katikati nilisoma salio kama kawaida.” Mimi naona barua yako yote imo humo.

Jibu fupi ni hapana. Usikubali kiti ukiwa umenyamaza. Waambie, tena uwaambie kabla ya kura. Sasa niruhusu nieleze, maana sababu yangu huenda si ile unayoitarajia, na namna ya kuwaambia ina kazi kuliko uamuzi wenyewe.

Tukae kwanza kwenye hizo Alhamisi mbili. Nimewahi kualikwa kwenye vyama kama chenu. Viti vya plastiki, watoto wamefukuzwa wakachezee mbali, kitabu cha karani kimefungwa kwa raba, na kwenye leso bado mna harufu ya mafuta ya kukaangia. Mweka hazina anasimama, anatoa simu, anasoma. Tuseme Alhamisi ya kwanza ulisoma 61,400 na kwenye simu zilikuwemo 55,400. Wenzako wakaitikia, karani akaandika, mkafunga kwa maombi. Wiki iliyofuata zikaongezeka 4,800 za michango, ukasoma 66,200. Pesa zilirudi, hilo nalikubali. Lakini zile hesabu mbili bado ziko kitabuni, kwa mwandiko wa karani asiye na hatia. Mtu akikifungua kitabu hicho leo akalinganisha na taarifa ya M-Pesa, wa kwanza kuulizwa atakuwa yeye.

Wewe ni mtu wa soko, unajua gorogoro, lile kopo la kupimia, lililogongwa kitako. Kwa juu omena (dagaa) zimefanya mlima na mteja anafurahi, kumbe chini bati limebonyezwa ndani na amebeba pungufu. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, na wahubiri wetu huukimbiza mstari huo moja kwa moja kwa wauza nafaka. Salio lililosomwa mbele ya watu nalo ni kipimo. Mwenye gorogoro bovu hawezi kujitetea kwamba wiki mbili baadaye alimwongezea mteja omena bila kumwambia.

Kisha kuna kura yenyewe. Wanakupa kiti kwa sababu gani? Umeiandika kwa mkono wako: hujawahi kupoteza shilingi ya mtu. Januari ulificha jambo ukiwa na hofu, mtoto amesimama langoni na sanduku lake. Mama yeyote atakuelewa, hata kama hatakubaliana nawe. Ukinyamaza Alhamisi ijayo utakuwa unafanya jambo jingine kabisa, tena ukiwa umetulia, hakuna karo wala lango lililofungwa. Utapokea kura walizompigia mtu ambaye si wewe. Kosa la Januari lilikuwa la siku kumi na saba. Hili litadumu muda wote utakaokaa kwenye kiti.

Nikwambie kwa nini kesi yako imenishika. Hapa Kenya tunapenda sana kuitaja Sura ya Sita ya katiba ya 2010, ile ya uongozi na uadilifu, hasa tukiwasema wanasiasa kwenye matatu. Sura ile inawahusu maofisa wa serikali. Mweka hazina wa wauza mgongo wazi haimgusi, wala hakuna mkaguzi wa hesabu atakayeshuka Obunga kutafuta elfu sita ambazo zimekwisha kurudi. Uko peke yako na Mungu, kitabu cha karani, na wanawake ishirini na watatu ambao wengine wao huuza mifupa ya mbuta mpaka saa tatu usiku ili wapate hizo 200.

Unauliza, bila kuuliza waziwazi, inakuwaje mtu anayefunga na kuongoza ushirika afanye jambo kama hili. Dada, maombi si kufuli. Fungua Ezra sura ya 8. Ezra anawaongoza watu kutoka Babeli kwenda Yerusalemu, safari ya miezi minne, wamebeba talanta 650 za fedha na talanta 100 za dhahabu. Njiani kuna wanyang'anyi. Anaona haya kumwomba mfalme askari na wapanda farasi, kwa kuwa alikwisha kumwambia kwamba mkono wa Mungu wao uko juu ya wote wamtafutao. Kwa hiyo wanafunga pale kwenye mto Ahava, wanaomba, wanamwachia Mungu habari za wanyang'anyi. Lakini tazama anachofanya baada ya maombi. Anatenga makuhani kumi na wawili na kuwapimia ile mali kwa mizani. Wakifika Yerusalemu, siku ya nne inapimwa tena nyumbani mwa Mungu, kila kitu kwa hesabu na kwa uzani, na uzani wote unaandikwa saa ile ile. Majambazi wa barabarani aliwaacha mikononi mwa Mungu. Makuhani aliwaletea mizani!

Sidhani aliwadharau. Nadhani aliwapenda. Kuhani anayebeba fedha isiyopimwa amebebeshwa jaribu pamoja na mzigo. Na wewe chama chenu kilikutwika simu, namba ya siri na jukumu la kusoma salio, vyote vitatu, kwa sababu wewe ni mama wa maombi. Hilo nalo ni kosa, na ni la chama kizima. Nitalirudia.

Sasa nikupe jambo langu mwenyewe, usije ukadhani nakuhubiria kutoka ng'ambo ya mto.

Kabla ya uchungaji nilikuwa karani wa mizani kwenye kituo kimoja cha kununulia majani chai, upande wa Hamisi. Mizani ilikuwa ya kuning'inia, yenye uso kama saa ya ukutani. Gunia likitundikwa ndoanoni, mshale unacheza. Ukiusoma kabla haujatulia, unaweza kuchagua uuone umesimama wapi. Kilo 14 na nusu niliandika 14. Nusu ya huyu, robo ya yule, jioni zikafika kilo tatu, na kilo tatu hizo nikaziandika kwenye namba ya mama yangu. Mama hakujua. Alikuwa akisema shamba lake dogo limebarikiwa, na siku za malipo alitoa fungu la kumi la kilo zangu za wizi bila kukosa.

Niliokoka, nikaacha. Nilimwendea mchungaji mmoja nikamweleza, akaniombea, akaniambia imekwisha, nisitazame nyuma. Nikafurahi. Miaka kama miwili baadaye kanisa letu la Marafiki (Quaker) likawa linatafuta mweka hazina wa ujenzi, wa kukusanya pesa za mabati. Jina langu likatajwa. Akasimama bibi mmoja, mjane, akasema: “Kijana huyu amenisomea mizani muda mrefu. Mimi sijui kusoma. Macho yake ndiyo macho yangu. Mpeni.” Watu wakapiga makofi. Mimi nikatazama sakafu. Gunia lake nililijua hata kwa kiraka chake, lilikuwa na kiraka cha kitambaa cha bluu, na kwa kawaida nililipunguza robo kilo.

Nilikubali. Nilishika kazi ile miaka minne na sikugusa hata senti, na sikuifurahia hata siku moja. Kila nikikutana naye alinisalimu, “Habari yako, macho yangu.” Nilikuwa nikibadilisha njia ili nisikutane naye. Alipofariki, baada ya mazishi nilikwenda kwa mwanawe mkubwa nikiwa na pesa nilizokadiria na nyongeza juu yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akahesabu, akapokea. Kisha akaniuliza, “Mbona hukumwambia mwenyewe?”

Basi rafiki yako anapokwambia yaliyosamehewa yasifukuliwe, ninamwelewa, maana niliambiwa hivyo hivyo na mtu mwema. Mungu amekusamehe. Waraka wa kwanza wa Yohana 1:9 haujafutwa. Lakini Yesu mwenyewe, kwenye Mathayo 5:23 na 24, anamzungumzia mtu aliyekwisha kufika madhabahuni na sadaka mkononi. Hapo ndipo anapokumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, na anaambiwa aiache sadaka palepale aende kwanza akapatane naye. Huyo yuko kwenye ibada tayari, na bado anatumwa nje. Pengine rafiki yako atakuletea na Petro, kwamba upendo husitiri wingi wa dhambi. Ni kweli. Husitiri za mwenzako. Za kwako, Mithali 28:13 inasema azifichaye hatafanikiwa.

Hapa nataka kuchimba kidogo, kwa kuwa naona shina la jambo si tamaa. Ungekuwa mwizi, zisingerudi. Nimejiuliza kwa nini hukusimama siku ile ukasema, “Wenzangu, kijana wangu yuko nje ya lango.” Katiba inakataza mkopo juu ya mkopo. Haikatazi mtu kulia. Wenzako ishirini na watatu wakitoa 250 kila mmoja ni 5,750, na hizo nyingine 250 ungezipata kwa samaki wa jioni moja. Wamechangia misiba mikubwa kuliko huo. Ulishindwa nini?

Nadhani najua. Mama wa maombi haombi msaada. Ndivyo tulivyomlea kiongozi makanisani mwetu, kuanzia Kisumu mpaka Nakuru: yeye ni wa kutoa, wa kuwaombea wengine, wa kubeba sukari na unga kwenye nyumba ya msiba. Akionekana hana, watu wanaanza kunong'ona kwamba imani yake imepwaya. Kwa hiyo anajifunza kuvaa vizuri siku ambayo jikoni hakuna kitu. Kiongozi aliyekatazwa kuomba hadharani ataombea wapi? Atajisaidia gizani, na kila akijisaidia atajiambia ni mkopo.

Bwana wetu hakuishi hivyo. Luka 8 inataja wanawake waliofuatana naye, Mariamu aitwaye Magdalene, Yoana mkewe Kuza, Susana na wengine wengi, wakimhudumia kwa mali zao. Alikula kwa mifuko ya wanawake na hakuona haya. Kisimani alimwambia mwanamke Msamaria nipe maji ninywe. Paulo anawaandikia Wafilipi akikumbuka kwamba alipokuwa Thesalonike walimletea msaada zaidi ya mara moja. Aliyekuwa na sura ya mtu asiyehitaji chochote ni Yuda, yule aliyeushika mfuko, na Yohana 12:6 inatueleza alichokuwa akiufanyia. Kwa hiyo kama utakalia kiti hicho, jambo la kwanza ningependa ulibadilishe ni hilo. Iwekwe akiba ya dharura, hata shilingi 20 kwa kila mtu kwa wiki, na ijulikane kwamba viongozi nao wanaruhusiwa kuishiwa.

Sasa namna ya kuwaambia.

Jumanne nenda kwa mwenyekiti anayeondoka, na karani awepo. Wote wawili kwa pamoja. Usimwendee rafiki mmoja ukamwapisha asiseme, kwa kuwa utakuwa umempa mzigo wako na kumfanya mshiriki. Waombe nafasi kabla ya ajenda ya uchaguzi. Huombi ruhusa, unawapa muda wa kushtuka wakiwa wamekaa, na karani apate kujua kwamba kitabu chake kitahitaji masahihisho mahali pawili.

Siku yenyewe sema kwa ufupi. Ningesema hivi: “Akina mama, kabla ya kura nina neno. Mwezi wa Januari nilichukua shilingi 6,000 za chama bila kuwauliza. Nilizirudisha siku ya kumi na saba. Katikati, Alhamisi mbili, niliwasomea salio la uongo. Nimewakosea, naomba mnisamehe. Taarifa ya simu ya miezi yote hii hapa, imechapishwa, kila mtu aone. Simu nayo hii hapa.” Kisha kaa.

Umeona nilivyoiacha karo? Usianze na mtoto langoni. Wakiuliza ulikuwa na shida gani, wajibu, tena bila kuficha. Ukianza nayo utakuwa unawaomba wakuhurumie kabla hawajajua walichokosewa. Na shetani mwache nyumbani. Nimesikia toba nyingi zinazoanza na “shetani alinipitia,” na mara zote najiuliza huyo shetani alijuaje namba ya siri. Yeye si mwanachama wenu.

Soma Sauli na Daudi ukiwa na muda. Wote wawili walikuwa wafalme, wote walikosa, wote walisema nimefanya dhambi. Sauli, kwenye 1 Samweli 15, analeta sababu, kwamba aliwaogopa watu, kisha anamwomba Samweli amheshimu mbele ya wazee. Daudi, kwenye 2 Samweli 12, anasema amemfanyia BWANA dhambi na anaishia hapo. Sauli alikuwa na wasiwasi juu ya kiti chake. Wewe nenda ukiwa umekwisha kukihesabu kwamba kimeondoka.

Lakini usiondoe jina lako. Hapa pengine nitatofautiana na wachungaji wenzangu. Nimewaona watu wanajitoa “kwa unyenyekevu,” wanapigiwa makofi kwa unyenyekevu wao, na sababu haijulikani mpaka leo. Huko nako ni kuficha, tena kwa manukato. Sema, kisha waachie waamue. Wakimchagua mwingine, Alhamisi inayofuata fika na 200 yako, ukae kiti kile kile cha plastiki. Hilo litakuwa gumu kuliko kukiri. Huenda mmoja atakusema sokoni; kwenye foleni ya mgongo wazi habari zitafika kabla ya beseni lako. Huenda mwingine atataka kujitoa chamani na apewe akiba yake. Mpeni bila maneno.

Kuna nyongeza pia. Kitabu cha Hesabu 5:6 na 7 kinasema aliyekosa aungame, arudishe kamili, na aongeze sehemu ya tano juu yake, ampe yule aliyemkosea. Zakayo alisema mara nne, ila Zakayo alikuwa tajiri na usimwige kwa fedha za watoto. Sehemu ya tano ya 6,000 ni 1,200. Ziweke mezani pamoja na simu. Wakikataa kuzipokea, ziwe mwanzo wa ile akiba ya dharura.

Halafu wafungue macho juu ya simu hiyo. Mmoja aiweke, mwingine awe na namba ya siri, wa tatu asome salio huku ujumbe wenyewe ukipitishwa mkono kwa mkono. Kama mnaweza kufungua akaunti ya benki yenye sahihi tatu, bora zaidi; vijijini wapo wanaotumia sanduku la chuma lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, na linafanya kazi. Mimi nimelelewa na Marafiki, ambao misheni yao ilifika Kaimosi mwaka 1902, na wazee wetu hawakupenda viapo kwa sababu ya lile neno la Mathayo 5:37, ndiyo yenu iwe ndiyo. Lakini watu hao hao wasioapa walikuwa na desturi moja kali: karani anaandika azimio, analisoma, na linakubaliwa au kurekebishwa kabla watu hawajainuka vitini. Hawakuona kwamba kuaminiana na kusomeana kumbukumbu ni vitu vinavyogombana. Nanyi salio liandikwe, lisomwe na kulinganishwa wote wakiwa bado wamekaa.

Kanisani je? Mwambie mchungaji wako wiki hiyo hiyo, asije akalipata sokoni Kibuye. Lakini usilipeleke kwenye ushuhuda wa Jumapili. Nawaheshimu sana ndugu wa Uamsho, ambao tangu miaka ya 1930 wametufundisha Afrika Mashariki kutembea nuruni na kuyataja makosa kwa jina lake. Bila wao wengi wetu tungekuwa tunatubu kwa mafumbo tu. Ila nimeona pia toba inayopelekwa kwa watu mia tatu ambao hawakukosewa, na wale waliokosewa wakaisikia kwa majirani. Neno hili ni la wanawake ishirini na watatu. Mchungaji akikuambia upumzike kidogo kuongoza Jumatano, pumzika, uende ukakae kwenye benchi uimbe.

Mumeo usimwache mpaka Alhamisi jioni. Mwambie Jumatatu usiku, kabla ya kwenda kwa mwenyekiti, akiwa amekwisha kula, mdomo kwa mdomo, si kwa ujumbe wa simu. Atakuuliza kwa nini hukumwambia Januari, na hapo sina la kukusaidia kwa sababu hata mimi swali kama hilo lilinishinda. Na hizo 1,200 usizikope. Una siku chache, mafuta yako ya kukaangia, na samaki wa Obunga.